Mpwa wangu wa California anaomba mtaji wa shamba la bangi

Ndugu washauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mkulima wa machungwa hapa Muheza, nina ekari sita upande wa Mto Zigi na duka dogo mjini. Mtoto wa dada yangu yuko Marekani, kaunti ya Humboldt huko California, miaka mingi sasa. Ana karatasi za ukaazi lakini hajawa raia. Yeye na mwenzake wana shamba la bangi lenye leseni, futi za mraba 10,000, kilimo cha nje. Huko ni halali, na leseni yenyewe amenitumia picha.

Sasa anasema kampuni kubwa zimewabana. Bei imeshuka, wana madeni, na msimu wa kupanda umefika. Anaomba dola 15,000, karibu shilingi milioni 38. Hiyo ndiyo akiba yangu yote, niliiweka nimalizie vyumba vya kupangisha. Ahadi yake: wanavuna Oktoba, Novemba ananirudishia zote, halafu kila mwaka ananipa sehemu ya tano ya faida. Anasema bangi yao ni ya mlimani, inalimwa kwa mkono, na mteja akishaionja harudi kwenye ile ya makampuni.

La pili, anataka ekari tatu za chini, zile za mtoni, nisipande kitu cha kudumu. Kwa mawazo yake Tanzania nayo itaruhusu siku moja, na sisi tutakuwa wa kwanza.

Dada amenuna. Anauliza mjomba ni wa nini kama si kwa siku kama hizi. Mke wangu anasema nikituma nisahau chakula cha nyumbani. Mimi kwa upande wangu hata maswali ya kumuuliza kijana siyajui. Nisaidieni.

Mjomba, Muheza


Wa aleikum salaam, Mjomba,

Usitume hizo dola 15,000. Kijana huenda hana hila yoyote, na huenda bangi yao ni nzuri kweli kama anavyosema. Lakini biashara aliyomo inamlemea mkulima mdogo kwenye gharama zisizotazama ukubwa wa shamba, na kwenye mlango wa sokoni ambao ufunguo wake hana yeye. Mtaji wako hauondoi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Utalipa madeni ya mwaka jana, basi.

Tuanze na hao wakubwa, maana hapo ndipo kijana amekueleza nusu tu. California iliruhusu bangi ya tiba mwaka 1996, na wakulima wadogo wa Humboldt, Mendocino na Trinity wakaishi kwa hiyo miaka ishirini. Novemba 2016 wananchi walipiga kura kuruhusu bangi kwa watu wazima, na mauzo yakaanza tarehe 1 Januari 2018. Katika kura ile wadogo walipewa ahadi iliyoandikwa: leseni za mashamba makubwa zisingetolewa kwa miaka mitano ya mwanzo, ili wao wapate kusimama. Kisha Novemba 2017, wiki chache kabla ya mauzo kuanza, zikatoka kanuni za dharura. Leseni ya shamba la kati, la hadi ekari moja, iliwekewa kikomo cha moja kwa kila mtu. Leseni ndogo, ile ya futi za mraba 10,000 kama ya mpwa wako, haikuwekewa kikomo chochote.

Unaona mwanya ulipo. Mwenye fedha akachukua leseni ndogo mia moja, akazipanga bega kwa bega mahali pamoja, akapata karibu ekari 23, na kwenye karatasi kila kipande ni cha mkulima mdogo. Kusini mwa jimbo, Santa Barbara na Ventura, vilikuwapo tayari vitalu nyumba vya maua na nyanya. Kimoja cha Camarillo kilichokuwa cha nyanya kina zaidi ya futi za mraba milioni 5. Humo ndani mwanga unazibwa kwa mapazia na kuongezwa kwa taa, hivyo wanavuna mara kadhaa kwa mwaka. Mpwa wako anavuna mara moja.

Hiyo mara moja ndiyo inayofanya ahadi ya Novemba isiwezekane. Bangi ya nje huchanua siku zinapofupika, kwa hiyo mashamba yote ya milimani yanakata ndani ya majuma yale yale ya mwisho wa Septemba na Oktoba. Soko linafurika wakati mmoja, na bei ya mwaka hushuka kuliko wakati wote pale pale ambapo mkulima ana shida ya fedha kuliko wakati wote. Akichelewa kukata akingoja uzito, mvua za mwanzo za pwani ya kaskazini zinaleta ukungu wa kijivu ndani ya ua lenyewe, mahali macho hayafiki, na ukungu ule unakula shina zima ndani ya siku chache. Akishakata, kukausha ni siku kumi hadi kumi na nne kwenye chumba chenye ubaridi na unyevu wa wastani. Akikausha haraka, harufu inapotea na bei nayo. Halafu kupunguza majani kwa mkono: mtu mzoefu humaliza paundi moja (karibu nusu kilo), au mbili akijitahidi, kwa siku, na malipo yake mara nyingi hupita dola 100 kwa paundi. Ndipo mzigo uende maabara.

Maabara ni lazima, na hapo pia mdogo anaumia zaidi. Mzigo hupimwa kwa mafungu yasiyozidi paundi 50. Wanatafuta viuatilifu, risasi, kadmiamu, arseniki, zebaki, vimelea vya salmonela na ukungu wa aspajilasi. Kila fungu lina bili yake ya mamia ya dola. Dawa iliyopeperushwa kutoka shamba la zabibu la jirani inaweza kutosha kufanya fungu zima lisiuzike. Kampuni yenye mafungu mia likianguka moja inaandika hasara na kuendelea. Mwenye mafungu kumi amepoteza sehemu ya kumi ya mwaka wake.

Baada ya maabara bado hajafika kwa mteja. Sheria inamtaka mkulima apitie kwa msambazaji mwenye leseni, na msambazaji ndiye anayepeleka dukani. Hili si gulio la Jumamosi ambapo mtu anaweka fungu lake chini na kutaja bei. Msambazaji anachukua mali kauli: anabeba, anauza, analipa baadaye, siku 30, siku 60, wakati mwingine hajalipa na mavuno mengine yamefika. Duka halijamlipa yeye, naye hajamlipa mkulima. Kwa hiyo bangi iliyokatwa Oktoba, hata kila kitu kikienda sawa, fedha yake huanza kuonekana Februari au Machi. Mpwa wako anajua hili. Alipokuandikia kwamba atakulipa Novemba alikuwa anaandika anachotamani.

Nyinyi watu wa Tanga mnalielewa vizuri kuliko wengi: mwenye ekari tano za mkonge asiye na korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, hupangiwa zamu na bei na mwenye korona, kwa sababu majani yaliyokatwa hayangoji. Huko Humboldt korona ni msambazaji.

Sasa hesabu. Tuseme shamba limetoa paundi 500 za maua makavu. Ni mfano tu, ingiza tarakimu zake ukizipata. Leseni ya jimbo kwa shamba dogo la nje ni dola 4,820 kwa mwaka, karibu dola 10 kwa kila paundi. Kaunti ya Humboldt nayo ilipitisha kodi kwa kura ya 2016, dola 1 kwa kila futi ya mraba ya kilimo cha nje, iwe imezaa au haikuzaa. Kwa shamba lake hiyo ni dola 10,000, yaani dola 20 kwa paundi. Bei zilipoporomoka madiwani wa kaunti wakalazimika kuipunguza sana, kwa hiyo muulize analipa ngapi sasa na anadaiwa ngapi ya nyuma. Hadi tarehe 30 Juni 2022 jimbo lilikuwa na kodi ya kilimo iliyoanza kwa dola 9.25 kwa aunzi ya maua, sawa na dola 148 kwa paundi. Kodi ile ilikwenda kwa uzito. Bei ilipokuwa zaidi ya dola 1,000 iliuma kidogo. Mwaka 2021 bei ya jumla ilipoanguka na paundi ya bangi ya nje ikauzwa mamia ya dola tu, kodi haikushuka nayo hata senti. Imefutwa tangu 1 Julai 2022, ila madeni yake hayakufutika, na mashamba mengi yanayotafuta mkopo leo bado yanaburuta mkia wa miaka ile.

Yapo na maji. Milimani wengi walikuwa wakivuta maji ya vijito. Kanuni za bodi ya maji ya jimbo zinakataza kuchota maji ya juu ya ardhi kwa ajili ya bangi kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba, msimu wote wa kulima. Lazima uwe umeyahifadhi wakati wa mvua, kwenye matangi au bwawa. Shamba lisilo na hifadhi ya kutosha halina msimu, hata liwe na leseni ya dhahabu. Ongeza kibali cha idara ya wanyamapori kwa kila kalvati na kivuko cha kijito, na tathmini ya mazingira. Wengi walianza na leseni ya muda wakati wanakamilisha mambo hayo, na muda wa leseni hizo ulifikia ukomo 1 Januari 2026, isipokuwa kwa makundi machache maalumu.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza ni haya. Leseni ni ya mwaka au ilikuwa ya muda, na inaisha lini? Picha haitoshi, namba yake inatafutika bure kwenye tovuti ya idara ya bangi ya California, hata wewe ukiwa Muheza na simu yako. Jina lililoandikwa ni lake au la mwenzake? Mwaka jana walivuna uzito gani, waliuza uzito gani, kwa bei gani? Hawezi kusema hakumbuki, kwa sababu kila mmea una lebo yenye namba kwenye mfumo wa serikali na kila mzigo unaotoka unaandikwa. Msambazaji gani ana mkataba wa maandishi nao, na anawadai au wanamdai kiasi gani? Matangi yao yanabeba galoni ngapi? Na hizo dola 15,000 zinakwenda wapi, mstari kwa mstari? Ukiona zaidi ya nusu ni madeni ya zamani, umepata jibu lako bila kutuuliza sisi tena.

Kuhusu ubora wa mlimani, kijana hasemi uongo. Mwaka 2020 California ilipitisha sheria inayolinda jina la eneo kwa bangi iliyopandwa ardhini bila paa na bila taa, mithili ya mvinyo wa Ufaransa. Lakini jina halijipeleki dukani. Wadogo waliobaki hai ni wale waliokata safari ya katikati. Kuna leseni ya biashara ndogo mchanganyiko, inayomruhusu mwenye shamba lisilofika futi za mraba 10,000 kulima, kusambaza na kuuza rejareja chini ya paa moja. Kuna pia ushirika, ambao sheria inauruhusu mradi mashamba ya wanachama wote yasizidi ekari nne. Kama mpwa wako angekuja na mpango wa aina hiyo, wenye majina ya wanachama na duka linalowasubiri, tungeandika barua ndefu zaidi. Amekuja na mpango wa kurudia mwaka jana.

Na usidhani basi afadhali uwekeze kwa mkubwa. Canada iliruhusu tarehe 17 Oktoba 2018, na kampuni moja kubwa kuliko zote, Canopy Growth, ilikuwa imegeuza kiwanda cha zamani cha chokoleti cha Hershey pale Smiths Falls kuwa makao ya kulima bangi. Mwaka 2023 wakakifunga. Huko ushuru ni dola 1 ya Canada kwa gramu au asilimia 10, ipi iliyo kubwa, na bei ilivyoshuka ndivyo ile dola moja ilivyozidi kunenepa ndani ya bei. Ni ule ule ugonjwa wa kodi ya uzito.

Sasa hatari zako mwenyewe, ambazo hakukutajia. Mtu aliyekopesha biashara ya bangi California, au anayestahili sehemu kubwa ya faida yake, hutajwa jina kwa idara inayotoa leseni. Sehemu ya tano ni kubwa ya kutosha. Na kwa serikali ya shirikisho ya Marekani biashara hiyo haijawa halali, hata jimbo likiwa limeiruhusu. Ofisa wa viza wa Marekani anaweza kumkatalia mgeni kwa kuamini tu kwamba alishiriki biashara ya dawa zilizokatazwa, bila hukumu ya mahakama yoyote. Ukitaka siku moja kwenda kuwaona wajukuu, umejifungia mlango. Yeye mwenyewe yumo hatarini zaidi: Aprili 2019 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba kufanya kazi kwenye sekta ya bangi, hata jimbo likiwa linaruhusu, kunaweza kumnyima mtu uraia kwa kigezo cha mwenendo mwema. Asijaze fomu ya uraia kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji, na asisafiri nje ya nchi kabla ya hapo.

Kwa upande wa nyumbani, benki itakuuliza dola ni za nini. Ukisema kweli, umetaja kufadhili biashara ya kitu ambacho Tanzania kinasimamiwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Ukisema ni ada ya shule, umedanganya benki. Kupitisha kidogo kidogo kwa majina ya watu ni kubaya zaidi ya vyote viwili, maana hapo unaingia kwenye mambo ya utakatishaji fedha. Hata wazo la kuandikishana mkataba wa siri pembeni liache. Mkataba huo ukivunjwa utaupeleka mahakama gani?

Ekari tatu za mtoni hazihitaji maneno mengi. Kupanda bangi Tanzania ni kosa zito, na mwenye ardhi anayeruhusu ipandwe kwake anaingia hatiani pamoja na aliyepanda. Hata ikitokea sheria ikabadilika, angalia mlango ulivyojengwa kwa majirani. Zimbabwe ilipofungua mwaka 2018 iliweka ada ya leseni dola 50,000. Uganda ilitaka mtaji wa dola milioni 5. Ni bangi ya dawa, ya kupeleka Ulaya, yenye uzio, kamera, walinzi na kiwanda cha viwango vya dawa. Mwenye ekari tatu anaingia humo kama kibarua. Afrika Kusini ndiyo funzo kubwa zaidi. Mahakama ya Katiba iliruhusu matumizi ya faragha Septemba 2018, sheria ikasainiwa Mei 2024, lakini kuuza bado hakuruhusiwi. Wakulima wa Pondoland, waliolima kwa vizazi, wakakuta wateja wao wa mjini sasa wanajipandia uani.

Panda pilipili manga huko chini, kwa kuwa mvua za Amani zinakufikia. Nafasi mita 2.5 kwa 2.5 inakupa miche kama 640 kwa ekari, kila mmoja na mti wa kupandia. Gliricidia inafaa, na uipande msimu mmoja kabla. Usipande pilipili manga pale maji yanaposimama baada ya mvua, mizizi itaoza mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu unaanza kuchuma.

Limebaki la dada. Usimjibu kupitia watu, wala usimwache kijana awe ndiye wa kwanza kumpa habari. Nenda kwake mwenyewe, mpigeni simu kijana mkiwa pamoja, muulize yale maswali mbele ya mama yake na umwache ajibu. Mambo ya leseni, matangi na msambazaji mama hatayashika yote, lakini atamsikia mwanawe anavyojibu, na hilo atalielewa. Kisha mpe msaada usio na jina la biashara: kodi ya nyumba ya miezi miwili, au gharama ya huyo mwanasheria wa uhamiaji, kiasi ambacho hata kisiporudi vyumba vyako vitaezekwa. Mwambie ni cha mjomba, hakuna faida inayodaiwa. Akikataa hicho akang'ang'ania 15,000, mwombe akutumie orodha ya madeni yote kwa maandishi kwanza, yenye jina la kila anayemdai.